Wapiganaji wa Street Fighter na Nafasi Yetu Katika Ramani Yao

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wa wanafunzi wa zamani. Nadhani alitazamia habari za ujenzi wa bweni la kwanza, au za mechi zetu na shule jirani. Mimi nimechagua jambo ambalo walimu wetu wangalituchapa kwalo lau wangalijua: mchezo wa mashine uitwao Street Fighter. Wazee wenzangu, msiufunge ukurasa upesi. Kuna deni la zamani ndani ya habari hii, nami nataka kulilipa mbele yenu.

Jambo lenyewe lilianza mwaka jana, siku ya mkutano wetu. Niliwakuta vijana wa kidato cha tatu chini ya mti karibu na bwalo, wakibishana kwa sauti kubwa. Mmoja alishikilia kwamba Elena ni Mkenya. Mwenzake alikataa katakata, akasema Elena ni Mjapani aliyepakwa rangi. Waliponiona wakanigeukia: "Mzee, wewe ni mwalimu wa historia. Huyu ni wetu au si wetu?" Sikuwajibu vizuri siku ile. Haya ndiyo majibu yangu.

Mchezo wa kwanza wa Street Fighter ulitoka mwaka 1987. Uliundwa na kampuni ya Capcom ya mjini Osaka, Japani, chini ya uongozi wa Takashi Nishiyama na Hiroshi Matsumoto. Mchezaji alimwendesha Ryu, Mjapani mwenye vazi jeupe la karate. Rafiki yake akitia sarafu naye, alipewa Ken, Mmarekani mwenye nywele za manjano. Wapinzani walikuwa kumi kutoka nchi tano: Japani, Marekani, China, Uingereza na Thailand. Mchezo huo haukuvuma sana.

Uliovuma ni ule wa pili, uliotolewa mwaka 1991. Wachoraji na wabunifu wake wakuu, Akira Nishitani na Akira Yasuda, walimpa mchezaji uhuru wa kuchagua mmoja kati ya wapiganaji wanane. Mbali na Ryu na Ken, alikuwako Honda, mcheza sumo wa Japani. Chun-Li, askari mwanamke wa China anayemtafuta muuaji wa baba yake. Guile, mwanajeshi wa Marekani. Blanka, mtu wa kijani wa misitu ya Brazil anayetoa umeme mwilini. Zangief, mcheza mieleka wa Umoja wa Kisovyeti. Na Dhalsim, mtaalamu wa yoga kutoka India, ambaye mikono na miguu yake hurefuka kama mpira. Baada yao walingoja wakubwa wanne: Balrog, bondia wa Marekani, Vega wa Hispania mwenye kucha za chuma, Sagat wa Thailand mwenye jicho moja, na M. Bison, mtawala mwovu aliyevaa sare nyekundu.

Sisi tuliuona mchezo huo mwaka 1992, nikiwa kidato cha pili. Mashine ilikuwa katika chumba kimoja chenye giza mjini, nyuma ya duka la vyakula. Jumamosi tulipopewa ruhusa ya kwenda kununua sabuni, sabuni ilinunuliwa nusu kipande na shilingi zilizobaki zikaingia katika mashine. Aliyeshinda alibaki, aliyeshindwa alimpisha mwenzake. Mimi nilikuwa mtu wa Ryu. Karibu wote tulikuwa watu wa Ryu, na tuligombana juu yake kama warithi.

Kati ya pambano na pambano, ramani ya dunia ilitokea katika kioo, na ndege ndogo ikaruka kutoka nchi moja hadi nyingine. Ilitua Japani, Brazil, India, Hispania. Tuliitazama ile ndege mara mia na zaidi. Haikutua katika bara letu hata mara moja, na sikumbuki hata mmoja wetu akiuliza kwa nini.

Kwa nini basi kila taifa lilipewa mtu wa namna ile: Mhindi ni yoga, Mrusi ni mieleka, Mjapani ni sumo? Sehemu ya jibu imo katika mashine yenyewe. Kila picha ya mpiganaji ilikula nafasi katika kumbukumbu ya mashine, na nafasi hiyo ilikuwa ghali. Hata picha ya mtu anayetazama kulia iligeuzwa tu ili atazame kushoto. Ndiyo maana kitambaa kilichoziba jicho la Sagat kilihama kutoka jicho moja hadi jingine kila alipogeuka. Alipoongezwa Dee Jay wa Jamaika mwaka 1993, suruali yake iliandikwa neno MAXIMUM, kwa sababu herufi zake zote ni zile zile hata zikigeuzwa kushoto na kulia. Katika ufinyu huo, mtu alipaswa kutambulika kwa kutupiwa jicho moja, hata na mtoto aliyesimama nyuma ya umati.

Lakini ufinyu wa mashine si jibu zima. Mchoraji akitakiwa kumchora mtu wa nchi ya mbali kwa mistari michache, huchora kile ambacho watu wake wamekwisha kukisikia. Kwa hiyo orodha ile ya wapiganaji si picha ya dunia. Ni picha ya dunia kama ilivyoonekana kutoka Osaka. Nayo dunia haikukaa kimya ingoje kuchorwa. Katika hadithi ya mwisho ya Zangief, kiongozi anayefanana na Gorbachev huja kwa helikopta na kucheza ngoma pamoja naye. Mchezo ulitoka mapema mwaka 1991. Kabla mwaka huo haujaisha, Umoja wa Kisovyeti ulikuwa umevunjika. Sisi tuliendelea kumchagua Zangief wa nchi ambayo haikuwako tena.

Majina nayo yana kisa chake. Kule Japani, yule bondia aliitwa M. Bison, mwenye kucha aliitwa Balrog, na mtawala aliitwa Vega. Mchezo ulipopelekwa nje, Capcom waliogopa kwamba bondia huyo alifanana mno na Mike Tyson, kwa sura na kwa jina, na kwamba wangeweza kushtakiwa. Basi majina matatu yakazungushwa kama viti: kila mmoja akavishwa la mwenzake. Mpaka leo Mjapani na Mkenya wakizungumza juu ya Vega, huenda kila mmoja anasema habari za mtu mwingine.

Sasa tuje kwa Elena. Mwaka 1997 ulitoka Street Fighter III. Waundaji waliamua kuanza upya. Kati ya wapiganaji wa zamani, katika toleo lile la kwanza walibaki Ryu na Ken tu. Miongoni mwa wageni alikuwamo msichana mrefu, mweusi, mwenye nywele nyeupe, na nchi yake iliandikwa wazi: Kenya. Ni binti wa mkuu wa kabila, ni mwanafunzi, na hupenda kwenda ng'ambo kutafuta marafiki. Hupigana kwa miguu tu, huku akiyumba kama anayecheza ngoma. Alichorwa kwa picha nyingi zilizofuatana kwa ulaini ambao mashine ya 1991 isingeuweza. Alirudi katika toleo la nne mwaka 2014, na tarehe 5 Juni 2025 aliingia katika Street Fighter 6.

Kwa hiyo, kijana wangu uliyeshikilia kwamba ni Mkenya, hati zake zinakuunga mkono. Na wewe uliyekataa, nawe una hoja. Jina Elena ni la Ulaya. Mchezo wake ni kapoeira, sanaa iliyokuzwa Brazil na Waafrika waliopelekwa utumwani, wengi wao kutoka upande wa Angola. Kenya haikuwa chimbuko lake. Mchoraji alisikia "Afrika", akasikia "kapoeira", akaona vinapatana. Ukitoka Mombasa hadi Luanda utavuka bara zima, lakini katika ramani ya Osaka huo ulikuwa mwendo wa kidole.

Jambo linalonishangaza zaidi ni hili. Mpiganaji Mkenya alikwisha kufika Japani zaidi ya miaka ishirini kabla ya Elena, tena mtu wa nyama na damu. Ni Philip Waruinge, bondia wa Nakuru. Katika Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968 alipata medali ya shaba, na bado akapewa Kombe la Val Barker, lililotolewa kwa bondia aliyeonyesha ustadi kuliko wote. Katika michezo hiyo hiyo George Foreman alichukua dhahabu ya uzito wa juu, lakini kombe la ustadi lilikuja Kenya. Mwaka 1972 mjini Munich, Waruinge alifika fainali, akashindwa na Boris Kuznetsov wa Umoja wa Kisovyeti kwa kura tatu za waamuzi dhidi ya mbili. Baadaye akaenda Japani kupigana ngumi za kulipwa, na huko akapigana kwa jina la Waruinge Nakayama. Mwezi wa Aprili 1976 alipigania ubingwa wa dunia wa WBC huko Panama dhidi ya Rigoberto Riasco, akashindwa.

Na huyo hakuwa peke yake. Mwaka 1988 mjini Seoul, jirani kabisa na Japani, Robert Wangila alitwaa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi kwa kumwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa. Hiyo ilikuwa miaka mitatu tu kabla ya mashine ile iliyotunyang'anya shilingi za sabuni. Kama mtu angeuliza Mkenya hupigana namna gani, jibu lilikuwa limeandikwa katika magazeti ya dunia nzima: Mkenya hupiga ngumi. Lakini nafasi ya bondia ilikuwa ya Mmarekani, nasi tukapewa ngoma na nywele nyeupe.

Silalamiki sana. Elena ni mchangamfu, hana ukatili, na mabinti zangu walimpenda. Wala siwezi kumlaumu mchoraji wa Osaka kabla sijajilaumu mwenyewe. Hapa ndipo penye deni.

Bwenini kwetu alikuwako kijana mmoja, sitamtaja jina, aliyetoka wilaya moja ya kaskazini iliyokuwa imekaushwa na ukame. Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, mpole. Siku moja bwaloni nilimwita Dhalsim. Meza nzima ilicheka. Jina likamganda kama kupe. Hadi tulipomaliza kidato cha nne, wapo waliokuwa wamelisahau jina lake halisi. Mimi niliona nimefanya mzaha mzuri.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua habari za Dhalsim. Mafuvu yale shingoni mwake ni ya watoto wa kijiji chake waliokufa kwa maradhi. Hapendi kupigana, hupigana apate fedha za kuwasaidia maskini wa kwao. Yote hayo hatukuyajua, kwa sababu tuliona mbavu tu. Na rafiki yetu naye tulimwona mbavu tu. Hakuna aliyemuuliza nyumbani kwao kumebaki ng'ombe wangapi, au kama wadogo zake wamekula.

Katika mkutano wa mwaka jana nilimfuata, nikamwomba radhi. Siku hizi ana mvi na kitambi kizuri. Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Ndugu yangu, jina lenyewe halikuniuma sana. Dhalsim mkono wake ulifika mbali, nami nilipata nafasi ya kuwapiga nyinyi wote watu wa Ryu. Kilichoniuma ni kwamba miaka minne ilipita bila mtu kuniuliza kwetu ni kukoje." Tulikaa pale hadi giza likaingia, akanisimulia. Nilisikia siku ile mambo ambayo ningeweza kuyasikia mwaka 1992, kitanda cha tatu kutoka changu.

Basi, vijana wangu wa kidato cha tatu, jibu langu ni hili. Elena ni wetu kwa hati, na si wetu kwa asili. Mtazameni mkijua alichorwa na nani, kutoka wapi, na kwa sababu gani. Chezeni mchezo wenu, lakini someni pia habari za Waruinge na Wangila, maana hao hakuna aliyewachora. Na ikiwa mmoja wenu ana ustadi wa kuchora, achukue kalamu. Tangu 1997 nafasi ya Mkenya katika mchezo huo imekaliwa na mmoja tu.

Mwisho, tazameni vizuri katika mabweni yenu. Lazima yumo mtu mliyekwisha kumchora kwa mstari mmoja na kumpa jina la kuchekesha. Msingoje miaka thelathini kama mimi. Mwulizeni leo kwao ni kukoje.