Gari kubwa Singida: kutoka Land Rover ya misheni hadi kaya ya watu wanne

Gari kubwa lililetwa Singida na ubovu wa barabara. Wingi wa watu nyumbani haukuhusika. Uwanda wa Singida, ulioinuka takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, una ardhi za namna mbili, na kila moja humsumbua dereva kwa njia yake. Juu ni kichanga na mawe, ile miamba mikubwa inayoonekana kando ya maziwa ya Singidani na Kindai. Chini, kwenye mabonde na hasa kuelekea Wembere, ni mbuga: udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kushika tairi kama ulimbo mvua zikianza. Msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, suala la gari gani linafaa Singida lilihusu miezi hiyo mitano.

Kabla ya magari, mizigo ilibebwa na watu na punda. Njia ya misafara kati ya pwani na Unyanyembe, eneo la Tabora, ilipita kusini mwa mkoa wa leo, na Kilimatinde ikawa kituo chake kikubwa, baadaye boma la Wajerumani. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ikipitia Manyoni na Itigi, na Kilimatinde ikaanza kufifia. Punda hakufifia. Mpaka leo, katika vijiji vya Wanyaturu na Wanyiramba, ndiye anayebeba maji, kuni na magunia ya alizeti. Mtu yeyote anayeandika historia ya usafiri wa Singida akamwacha punda ameacha nusu ya historia hiyo.

Magari ya kwanza kuzoeleka yalikuwa malori. Katika miaka ya 1920 na 1930 wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu walinunua karanga, ngozi, nta na samli vijijini na kuzisafirisha hadi stesheni za reli. Gari la Ford au Chevrolet la wakati huo mara nyingi lilikuja fremu na injini tu, bodi ya mbao ikaundwa huku huku na mafundi seremala. Abiria walikaa juu ya magunia. Serikali ya Waingereza ilijenga pia tawi la reli kutoka Manyoni kwenda Singida na Kinyangiri katika miaka ya 1930, lakini mizigo haikutosha na reli hiyo ikang'olewa katika muongo uliofuata. Singida ilibaki bila treni hadi tawi la Manyoni–Singida lilipojengwa upya miongo kadhaa baadaye. Katika muda huo wote wa kati, mtu wa Singida hakuwa na njia nyingine isipokuwa barabara ya udongo.

Ndipo likaja gari lililobadilisha fikra za watu kuhusu gari. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na katika miaka ya 1950 ilikuwa imeenea Tanganyika nzima, watu wakaiita landirova. Vipimo vyake vinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu vinasahihisha kosa linaloendelea hadi leo. Land Rover ya mwaka 1948 ilikuwa na urefu wa mita 3.35 na injini isiyofika CC 1,600. Toyota Vitz iliyotoka mwaka 1999, gari ambalo mjini hudharauliwa kwa udogo na kuitwa bebi woka, ina urefu wa mita 3.61. Kwa maneno mengine, gari lililoshinda mbuga za Tanganyika lilikuwa fupi kuliko Vitz. Lilishinda kwa sababu lilikuwa jepesi, lilikuwa limeinuka kutoka ardhini, na nguvu ya injini ilifika kwenye magurudumu yote manne. Land Rover ndefu zenye viti vya nyuma zilifuata katika muongo huohuo, kwa ajili ya polisi, mabwana shamba na wagonjwa. Ukubwa uliongezwa kwa kazi maalumu, na kazi hiyo ilikuwa ya umma.

Wa kwanza kulihitaji kweli gari hilo walikuwa watu wa hospitali. Walutheri wa misheni ya Augustana, kutoka Marekani, walikuwa wamejenga kazi yao Iramba na kuanzisha hospitali ya Kiomboi. Masista Wakatoliki walianza huduma Makiungu katika miaka ya 1950, na mwaka 1989 ikafunguliwa hospitali ya Mtakatifu Gaspar, Itigi. Gari la hospitali lilikuwa la kila mtu: lilimleta mama mwenye uchungu wa kuzaa kutoka kijiji cha ndani, likarudi na dawa za kliniki, likabeba maiti kurudisha kwa ndugu, na njiani likawachukua waliokuwa wakitembea kwa miguu. Gari moja lilihudumia maelfu ya watu. Huo ndio mwanzo wa heshima ya gari kubwa Singida, na ni heshima iliyopatikana kwa haki.

Hata hivyo, hata enzi za barabara za vumbi, familia chache zenye gari lao hazikuwa na Land Rover. Zilikuwa na Volkswagen au Peugeot. Peugeot 404 ilishinda mbio za magari za Afrika Mashariki, Safari Rally, mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Mbio hizo zilipita katika matope na makorongo, na gari lililoshinda lilikuwa saluni ya familia yenye viti vitano na magurudumu mawili yanayosukuma. Mafundi wa zamani walilijua jambo hili: tope humshinda dereva mwenye haraka kuliko linavyolishinda gari.

Baada ya Uhuru, na Singida ikiwa mkoa kamili tangu 1963, gari lilianza kuonyesha cheo. Neno Wabenzi, kwa maana ya wakubwa wanaotembelea Mercedes-Benz, lilienea Afrika Mashariki nzima katika miaka ya 1960. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwawekea viongozi masharti ya maisha, na uhaba wa fedha za kigeni ukafanya gari binafsi kuwa kitu adimu kwa karibu kila mtu. Bei ya mafuta ilipopanda duniani, na baadaye vita vya Kagera vya 1978–1979 vilipomaliza akiba ya nchi, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana bila kibali. Mtumishi wa Singida aliyetaka kusafiri alitegemea basi la KAMATA, shirika la mabasi la taifa, au kampuni ya usafirishaji ya mkoa, au lifti kwenye gari la serikali. Kaya iliyomiliki baiskeli ilihesabika kuwa imejaliwa.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1984, wakati Serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Pikapu zilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kuingia. Enzi ya Ali Hassan Mwinyi, aliyepewa jina la Mzee Ruksa, iliupanua zaidi mlango huo. Miaka ya 1990 Land Rover ilianza kuipisha Toyota Land Cruiser serikalini na kwenye miradi ya wafadhili. Aina mbili za Land Cruiser zikapata majina ya mtaani, na majina hayo yanaeleza mengi. Ile ya kazi, yenye bomba la hewa lililopanda pembeni mwa kioo, iliitwa mkonga. Ile ya kifahari iliitwa shangingi, neno lililokuwa likitumiwa kwa mwanamke wa mjini anayejipamba kwa majivuno. Wananchi walikuwa wametofautisha wenyewe gari la kufika na gari la kuonekana. Mashangingi yakawa hoja ya bungeni na magazetini kwa miaka mingi, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 2008 hadi 2015, alizungumza hadharani juu ya haja ya kuyapunguza.

Mfano wa wakubwa ulishuka hadi kwenye kaya. Magari yaliyotumika kutoka Japani, nchi ambayo kama Tanzania huendesha upande wa kushoto, yalimwezesha mwalimu, nesi au mfanyabiashara wa vitunguu kununua gari kwa mkopo wa mshahara au kwa mavuno mazuri ya misimu miwili. Mbele yake palikuwa na njia mbili. Moja ni ya Vitz, IST, Passo na Corolla. Nyingine ni ya Noah yenye viti saba au vinane, na ya magari ya juu kama RAV4, Harrier na Prado. Kuhusu Harrier pana jambo ambalo wanunuzi wengi huligundua wakiwa wamechelewa: nyingi husukumwa na magurudumu ya mbele tu, sawa na Vitz. Umbo limefanana na la gari la porini, uwezo ni wa gari la mjini, na mafuta yanayotumika ni ya injini kubwa.

Kodi za Tanzania zimekuwa zikiitambua tofauti hiyo ya injini. Gari dogo lisilozidi CC 1,000 halitozwi ushuru wa bidhaa unaopangwa kwa ukubwa wa injini. La kati ya CC 1,000 na 2,000 hutozwa asilimia 5. Linalozidi hapo asilimia 10, nje ya ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani na nyongeza ya uchakavu kwa magari yenye umri mkubwa. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikipanda kwa kufuata injini, ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017 na badala yake shilingi 40 zikaongezwa kwenye kila lita ya mafuta. Tangu hapo mwenye gari kubwa hulipa tofauti yake kidogo kidogo sheli. Na Singida, kwa kuwa iko mbali na bandari, bei za mafuta zinazopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huwa juu kuliko za Dar es Salaam. Safari ya Singida hadi Dodoma, yenye kilometa zipatazo 240, humaliza lita 16 kwa gari linalokwenda kilometa 15 kwa lita. Kwa gari linalokwenda kilometa 7, lita hufika 34. Kwenda na kurudi, tofauti ni lita 36, na hapo matairi na spea havijahesabiwa.

Wakati magari yakikua, sababu yake ya kwanza ilikuwa ikiondoka. Katika muongo wa kwanza wa karne hii na mwanzoni mwa wa pili, lami iliunganisha Dodoma, Manyoni na Singida, ikaendelea hadi Shelui na Nzega, na upande wa kaskazini ikafika Babati na Minjingu. Mlima Sekenke, ulio jirani na mgodi wa dhahabu wa enzi za Wajerumani, ambako malori yalikuwa yakikwama na kupinduka, sasa hupandwa na gari lolote zima. Kaya nazo zimepungua watu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,008,058 mkoani Singida, kutoka 1,370,637 mwaka 2012, lakini wastani wa kaya kitaifa ulikuwa watu 4.3, na mijini kaya huwa ndogo zaidi. Watu wanne hukaa kwenye Corolla na mizigo yao ikabaki na nafasi.

Hoja nzito zaidi ya kutetea gari kubwa hutoka kwenye ukoo, na haifai kupuuzwa. Familia ya Singida haiishii kwenye watu wanaolala nyumba moja. Kuna bibi wa Ikungi wa kupelekwa kliniki, wapwa wanaofunga shule, wageni wa Krismasi na Idi, na kuna msiba. Lakini ukiangalia jinsi mambo haya yalivyokuwa yakifanyika tangu zamani, yalifanyika kwa kukodi na kuchangia. Kwenye msiba ndugu na majirani huchanga, ikakodiwa Coaster au Fuso, kwa sababu waombolezaji ni sitini na hakuna Prado inayowatosha. Vitunguu na alizeti, vilivyojazwa lumbesa, hupanda Canter au kirikuu, wala hakuna mkulima anayetaka magunia hayo juu ya viti vya gari lake. Njia za vijijini zina Noah za abiria, bajaji na bodaboda. Nafasi ambayo kaya huinunua kwa mamilioni ili itumike siku kumi za mwaka imekuwa ikipatikana siku hizo hizo kwa nauli.

Hoja ya usalama ina uzito kiasi. Gari la juu humwonyesha dereva ng'ombe na punda wanaovuka barabara kabla hajawafikia, na halikwangui kwenye matuta. Kwa anayeishi mtaa wa pembezoni wenye makorongo, urefu wa gari kutoka ardhini una faida kila siku. Faida hiyo hutokana na kimo, na ipo hata kwenye magari mafupi yenye injini ndogo, kama ilivyokuwa kwenye Land Rover ya 1948. Kwa kaya ndogo ya Manispaa ya Singida, yenye kazi mjini na safari chache za Dodoma au Arusha, gari dogo zima linalotunzwa linatosha. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na sehemu ndefu kuliko zote ya safari ya kwenda pwani haihitaji tena gari la familia.

Mahali ambapo gari kubwa bado halina mbadala mkoani ni palepale lilipoanzia: kwenye mbuga za Wembere baada ya mvua kubwa, kwenye vijiji vya ndani vya Mkalama na Manyoni, na kusini mwa Itigi kuelekea mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Huko, kuanzia Desemba hadi Aprili, mkonga wa hospitali au wa askari wa wanyamapori hupita mahali ambapo pikipiki zimegeuzwa, na nyuma yake mara nyingi amelala mgonjwa.