Nikishajua, nimpigie nani? Historia fupi ya kutengeneza pampu

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi, na sababu si kazi wala uvivu. Sababu ni maji. Kisima cha mtaa wetu hapa Kitengela kilinyamaza Jumanne moja alfajiri, na tangu siku hiyo nimekuwa mbeba mitungi kwanza, mwandishi wa programu baadaye. Kama unaishi Kitengela unajua jinsi bei ya mtungi wa lita 20 inavyopanda habari zikienea kwamba pampu imekufa. Wenye mikokoteni ya punda hupata habari hizo kabla hata ya kamati.

Siku ya pili nilikwenda kumwona mzee anayeendesha pampu yetu. Nikamweleza, kwa ile furaha tuliyo nayo sisi watu wa kompyuta, kwamba ninaweza kuunda kifaa kidogo chenye laini ya simu, kikatuma ujumbe mfupi kila pampu inaposimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Kijana, pampu ikisimama najua. Mtaa mzima unajua. Nikishajua, nimpigie nani?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani, nikaanza kusoma. Nilichokuta ni kwamba swali la mzee lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea hapa hapa Kenya.

Kilicho chini ya miguu yetu

Kwanza tuelewane kuhusu visima vya huku. Kitengela imekaa kwenye nyanda za Athi na Kapiti, juu ya mwamba mgumu uliotokana na volkano. Maji yako chini sana, na mara nyingi yana chumvi au floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Kajiado hupita hapo. Lipo pia bomba la Nolturesh linaloleta maji kutoka chemchemi zilizo karibu na Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, lakini mji umekua haraka kuliko bomba. Kwa hiyo watu huchimba.

Kisima chetu kina urefu wa mita 180. Chini kabisa kuna mota ya umeme ndani ya maji, juu yake pampu yenye magurudumu madogo yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kila gurudumu husukuma maji hatua moja kwenda juu. Yote yananing'inia kwenye mabomba ya chuma. Ikiharibika, huwezi kuinama ukaitazama. Lazima ulete mashine ya kunyanyulia, uvute bomba moja baada ya jingine, na kila bomba likiwa limejaa maji lina uzito wa kuvunja mgongo. Kabla hujagusa nati moja, pesa nyingi zimeshatoka.

Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza: gharama kubwa ya kutengeneza pampu mara nyingi si kipuri chenyewe. Ni kukifikia mahali kilipo.

Muongo wa maji

Umoja wa Mataifa uliutangaza muongo wa 1981 hadi 1990 kuwa Muongo wa Kimataifa wa Maji ya Kunywa na Usafi. Lengo lilikuwa maji safi kwa wote kufikia 1990. (Ndiyo, soma tena huo mwaka.) Wafadhili walichimba visima vijijini na kuweka pampu za mkono. Shida ilionekana upesi. Pampu nyingi za zamani zilitokana na zile za mashamba ya Ulaya na Marekani, za familia moja. Huku pampu moja ilitumiwa na mamia ya watu, tangu alfajiri hadi usiku.

India ilikuwa imeshapambana na tatizo hilo katika miaka ya 1970, ikazaa pampu inayoitwa India Mark II. Ilikuwa imara kweli. Lakini ilipoharibika chini, ilibidi timu ya mafundi ije na gari na vifaa vizito, ing'oe mabomba yote ili kubadilisha kijiraba kidogo. Katika nchi yenye barabara mbovu na ofisi ya maji isiyo na mafuta ya gari, kijiraba hicho kiliweza kukifunga kisima kwa miezi.

Hapo ndipo Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia walipoanza mradi mkubwa wa kupima pampu za mkono, maabara na vijijini. Wazo lililotoka huko sisi watengeneza programu tungelielewa mara moja: usiulize tu pampu itadumu muda gani bila kuharibika. Uliza, ikiharibika, ni nani anaweza kuitengeneza, kwa kutumia nini, na baada ya siku ngapi. Wakaliita wazo hilo uendeshaji na matengenezo katika ngazi ya kijiji.

Kwale na spana moja

Sehemu ya hadithi hii ninayoipenda zaidi ilitokea Pwani yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Malawi ilikuwa imeunda kichwa cha pampu kilichoitwa Maldev. Kazi ikaendelea Kwale, ambako tangu 1983 aina mbalimbali za pampu zilifungwa vijijini na kuangaliwa jinsi zinavyochakaa mikononi mwa watu. Shirika la Kenya la KWAHO lilifanya kazi na wanavijiji, hasa akina mama, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakichota. Kulikuwa na kamati, kulikuwa na michango, na kulikuwa na wanawake waliofundishwa kufungua pampu na kuifunga tena.

Matokeo yake ni pampu iitwayo Afridev. Tazameni ilivyoundwa. Bomba la kupandisha maji ni la plastiki, na ni pana kuliko pistoni iliyo ndani yake. Kwa hiyo unaweza kuvuta fimbo na pistoni kupitia ndani ya bomba, hata vali ya chini ukainasa na kuitoa, bila kung'oa bomba lenyewe. Bushi za mpini ni za plastiki, zinabadilishwa kwa mkono. Nati zinafunguliwa kwa spana moja. Fundi wa kijiji na majirani wawili wanaweza kumaliza kazi kabla ya chakula cha mchana.

Kuna jingine. Michoro ya Afridev haikufungiwa kabatini na kampuni moja. Ilitolewa kwa umma, na kiwanda chochote kinaruhusiwa kuitengeneza kikifuata vipimo. Sisi tunaopigia debe programu huria tunadhani tulibuni kitu kipya. Kumbe wakati Richard Stallman anatangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983, Kwale walikuwa tayari kwenye pampu itakayokuja kuwa huria!

Lakini pampu huria nazo hufa

Ningependa kuishia hapo. Siwezi. Mwaka 2009 mtandao wa kimataifa wa maji vijijini, RWSN, ulichapisha takwimu za nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilizoonyesha kwamba takriban theluthi moja ya pampu za mkono hazifanyi kazi. Miongoni mwao zilikuwamo pampu nzuri, zenye spana moja.

Kwa nini? Kwa sababu spana ilipotea. Fundi aliyefundishwa akaolewa kijiji kingine au akahamia Mombasa. Duka lenye raba liko mbali. Michango ilikusanywa mwaka wa kwanza, pampu ilipokosa kuharibika watu wakaacha kuchanga, na ilipoharibika sanduku lilikuwa tupu. Wazo la kijiji kujitengenezea lilikuwa zuri, lakini kwa wengi lilikuja kumaanisha: sisi tumeshafunga, sasa ni shauri lenu. Ni sawa na kuweka msimbo wako hadharani, kisha ukaacha kujibu barua pepe.

Ujumbe kutoka kwenye mpini

Sasa tunafika penye vifaa kama kile nilichotaka kumwuzia mzee. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha maelezo ya kifaa kinachofungwa ndani ya mpini wa pampu ya mkono. Ndani yake mna chipu ya kupima mwendo, ya jamii ile iliyomo ndani ya simu yako. Inahesabu mpini unavyopanda na kushuka, inakadiria maji yaliyotoka, na kutuma hesabu kwa ujumbe mfupi. Walikijaribu Kyuso, Kitui. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikaa karibu siku 27 bila kutengenezwa. Wakati wa jaribio, ilikaa chini ya siku 3.

Niliposoma hayo niliruka kitini. Unaona, mzee? Kifaa kinafanya kazi!

Halafu nikasoma tena, polepole. Pamoja na kifaa kulikuwa na fundi mwenye pikipiki, mwenye vipuri, anayelipwa ili aende. Ujumbe ulikuwa na wa kumfikia. Ndiyo maana kilichofuata hakikuwa kiwanda cha vifaa bali huduma ya matengenezo, FundiFix, iliyoanzishwa Kitui na Kwale, ambapo jamii hulipa ada ndogo ya kila mwezi nayo pampu hutengenezwa ndani ya siku chache. Kwale tena! Huko baadhi ya Afridev za mwanzo zilikuwa bado zinatoa maji zaidi ya miaka 25 baada ya kufungwa.

Visima vya umeme kama chetu navyo vimefanyiwa jambo hilo. Katika mradi wa Kenya RAPID, vihisi vilifungwa kwenye visima vya kaunti kame za kaskazini, kama Turkana na Marsabit, ili kuonyesha pampu inafanya kazi saa ngapi kwa siku.

Daftari la mzee

Wiki ya pili nilirudi kwa mzee, safari hii bila mapendekezo. Nikamwuliza tu anafanyaje kazi. Akatoa daftari la shule, lenye jalada la buluu. Kila siku, kwa miaka, ameandika: saa ya kuwasha, saa ya kuzima, umeme unaovutwa na mota, na muda wa kujaza tangi.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikasoma. Miezi minne kabla ya kifo, tangi lilijaa kwa saa tano na mota ilivuta ampea 14. Mwezi uliofuata saa sita, ampea 15. Kisha saa saba, ampea 17. Kitu kilikuwa kinasuguana kule chini. Swichi ya kinga ikaanza kukata stima kila siku, kama inavyopaswa. Akaitwa mtu wa umeme, akapandisha kipimo cha kinga ili isikate tena. Wenzangu wa msimbo mnajua tendo hilo: ni kulifunika kosa ili programu isilalamike. Wiki tatu baadaye mota ikaungua.

"Uliwaambia kamati?" nikauliza.

"Niliwaambia. Wakasema pesa hakuna."

Hapa inabidi niungame. Mwaka jana kamati ilipendekeza kila nyumba iongeze shilingi 100 kwa mwezi za matengenezo. Mimi ni mmoja wa waliopinga. Niliandika ujumbe mrefu, wenye hoja zilizopangika, nikiuliza kwa nini tulipie pampu isiyoharibika. Nilipongezwa sana. Nikipiga hesabu ya mitungi niliyonunua wiki hizi tatu, nimeshalipa nyongeza hiyo ya miaka miwili.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji sasa ziko chini ya kaunti. Tuidai haki hiyo, na tuidai kwa sauti. Lakini kwa siku ile bomba linapokauka, lazima awepo mtu wa kupigiwa simu, na awe ameshalipwa.

Mota mpya ilishushwa Alhamisi iliyopita. Kifaa changu bado sijakiunda. Nilichofanya ni kulinakili daftari lote kwenye kompyuta, nikachora mistari miwili, wa saa na wa ampea, nikaipeleka picha hiyo kwenye mkutano wa kamati. Chini yake niliandika shilingi 100, na jina langu kama wa kwanza kulipa. Tulikubaliana kwa kura, si kwa kauli moja.

Mzee amenunua daftari jipya. Ameniomba nimwekee safu moja zaidi, ya kina cha maji kisimani. Nimemchorea kwa rula.