Singo na Nkula: Historia ya Kusugua Mwili baina ya Pwani ya Waswahili na Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya viambato vya kusugulia mwili vinavyotengenezwa nyumbani katika maeneo mawili yaliyofikiwa na mtandao mmoja wa misafara katika karne ya 19: Zanzibar, penye singo na liwa, na nchi ya Ziwa Mweru, penye unga mwekundu wa nkula. Inajengwa hoja kwamba katika mila zote mbili ulaini wa ngozi ulikuwa sehemu ya malezi yenye mwalimu na kiasi, wala haukukusudiwa kuibadili rangi ya mtu. Hoja hiyo ina uzito kwa sera za leo kuhusu vipodozi vyenye zebaki na kuhusu miti inayotoa viambato hivyo.

Utangulizi

Mnamo Novemba 1867 David Livingstone aliwasili Ziwa Mweru. Katika makao ya Mwata Kazembe alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara aliyekuwa ameishi huko kwa miaka mingi. Mwaka huohuo Tippu Tip alimshinda Nsama wa Watabwa, na njia za kusini-magharibi mwa Tanganyika zikazidi kufunguka kwa watu wa pwani. Baadaye Abdallah bin Suleiman alijenga ngome yake karibu na Chienge, katika nchi ya Puta, mtawala wa Wabwile. Waingereza waliweka kituo chao hapo mwaka 1891.

Wanahistoria wameieleza biashara hiyo kwa hesabu ya pembe, shaba na watu waliouzwa utumwani. Ni nadra kuzingatiwa kwamba bidhaa zilizopelekwa bara kwa wingi, yaani nguo na shanga, zilikuwa vitu vya mwilini. Misafara ilileta vya kuufunika na kuupamba mwili. Vya kuupaka na kuusugua, wenyeji walikuwa navyo.

Singo: ushahidi wa lugha na wa bustani

Neno singo ni nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi singa, yaani kusugua mwili kwa vitu vya kunukia, kama pambo lilivyotokana na pamba. Unyambuaji huu unaonesha kwamba kitendo ndicho kilichotangulia: jina la unga limezaliwa na kazi ya mkono unaosugua. Mkono huo kwa desturi si wa bibi harusi mwenyewe, bali wa somo au kungwi, ambaye humsinga mwari katika siku zinazotangulia harusi huku akimfunza mambo ya unyumba.

Viambato vyake hutofautiana kutoka nyumba hadi nyumba. Maua ya mlangilangi, waridi, asumini na rehani hukaushwa, kisha hutwangwa pamoja na karafuu na liwa, na hulainishwa kwa marashi ya waridi. Liwa, mti wenye harufu ya sandali, husuguliwa kwa maji juu ya jiwe mpaka itoe uji mzito. Mchanganyiko huu una historia ndani yake. Mlangilangi asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na mkarafuu ulienea Unguja na Pemba katika karne ya 19 kwa jasho la watumwa. Kinachoitwa leo urembo wa asili ni zao la Bahari ya Hindi na la mashamba ya utumwa.

Baada ya utumwa kupigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, mwili ulikuwa uwanja wa kudai heshima. Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics (2001), ameonesha jinsi watu waliotoka utumwani walivyoyatumia mavazi kujitangaza kuwa waungwana. Margaret Strobel naye, katika utafiti wake wa Mombasa uliochapishwa mwaka 1979, ameeleza nafasi ya wanawake wenye asili ya utumwa katika ngoma za unyago. Kwa hiyo maarifa ya makungwi hayakushuka kutoka majumba ya mabwana peke yake. Mengine yalipanda kutoka bara pamoja na waliotekwa.

Nkula: rangi isiyobadili ngozi

Katika nchi za Wabemba na majirani zao, unga wa nkula hutokana na kiini chekundu cha mti wa mukula. Audrey Richards, aliyeshuhudia jando la wasichana la chisungu mwaka 1931 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1956, aliandika juu ya unga huo uliopakwa miilini, na juu ya udongo mweupe uliopakwa katika hatua nyingine. Msimamizi alikuwa nachimbusa, ambaye kazi yake inakaribiana mno na ya kungwi wa pwani.

Wekundu wa nkula ulihusishwa na damu, na weupe wa udongo ulihusishwa na kutakasika. Rangi zote mbili zilikuwa za kupita: zilipakwa, zikafanya kazi yake, zikaoshwa. Ngozi iliyobaki ilikuwa ileile, ila mwenye ngozi alikuwa amevuka daraja. Singo nayo huondoa taka na seli zilizokufa juu ya ngozi, huacha harufu, na haigusi rangi ya mtu.

Zebaki na miti

Krimu za kujichubua zinazouzwa katika masoko ya Afrika Mashariki na ya Kati hufanya kinyume. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, na inapoingia mwilini huweza kudhuru figo na neva. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliruhusu kiwango kisichozidi miligramu 1 kwa kilo ya kipodozi, na ukaweka mwisho wa bidhaa zinazokizidi kuwa mwaka 2020. Mwaka 2023, kwa msukumo wa nchi za Afrika, wanachama walikubaliana kuondoa kiwango hicho na kukomesha vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025.

Marufuku hiyo ni ya lazima, lakini inaondoa kitu bila kulinda mbadala wake. Msandali wa Afrika Mashariki uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES mwaka 2013 kwa sababu ya kuvunwa kupita kiasi. Mukula ulifuata mwaka 2019, baada ya magogo yake kusafirishwa kwa wingi kwenda China kutengenezewa samani. Nachimbusa alihitaji kipande cha kiini. Soko la samani lilihitaji gogo zima.

Hitimisho

Historia hii haithibitishi kwamba kila kinachotengenezwa nyumbani ni salama. Chembe kali huchubua, na krimu zenye sumu pia huchanganywa majumbani. Inachothibitisha ni kwamba usalama wa zamani ulitegemea mtu aliyejua kipimo na aliyewajibika kwa mwari. Washauri wa sera wanapaswa kuwahesabu makungwi na manachimbusa kuwa washirika katika elimu ya afya, kuruhusu matumizi madogo ya kimila ya miti inayolindwa, na kutumia istilahi ambazo wanawake wanazo tayari. Huko Chienge, ng'ambo tu ya mpaka na Pweto ambako Kiswahili cha Kongo husemwa kila siku, onyo kuhusu zebaki litasikika zaidi likitamkwa na mwenye kusinga kuliko likibandikwa ukutani.