Husuni Kubwa si Mawe Tu

Mgeni wa Kilwa Kisiwani humalizwa na Gereza. Mashua ikitoka Masoko humshusha mbele ya ukuta wake, naye hupiga picha, huambiwa "hii ni ngome ya Wareno", huzungushwa Msikiti Mkuu, na jua likipanda hurudishwa ng'ambo akale pweza. Mara ya kwanza nami nilikwenda hivyo hivyo. Nilipoiulizia Husuni Kubwa nikajibiwa ni mbali, tena huko ni mawe tu.

Mawe tu! Jibu hilo lilinikaa kooni mpaka nikarudi.

Hadithi ya asili ya mji si ngeni kwa mtu. Ali bin Hasan, mwana wa mfalme wa Shirazi, alifika na jahazi zake, akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizungusha pande zote, mwenyeji akahamia bara, na alipotaka kurudi akakuta mlango wa bahari umechimbwa, hapitiki tena kwa miguu. Hadithi tamu, na imewabishanisha watu miaka mingi: Kilwa ni ya Waajemi au ya Waafrika? Watafiti wa vinasaba waliochapisha matokeo yao mwaka 2023 waliwakuta waliozikwa katika miji ya pwani wana asili zote mbili, ya hapa zaidi kwa upande wa kina mama, ya Uajemi zaidi kwa upande wa kina baba. Ubishi huo nauacha hapo. Wangu mimi ni na Ibn Battuta.

Msafiri huyo wa Tanja alifika Kilwa mwaka 1331, akitokea Mombasa. Aliusifia mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, kisha akasema majengo yake yote ni ya miti. Yote! Ilhali Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwa umekwisha kusimama, na sultani aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye huyo aliyekuwa akiupanua, na ndiye aliyejijengea juu ya jabali, mashariki ya mji, kasri la vyumba zaidi ya mia moja, ndiyo hiyo Husuni Kubwa. Wapo wataalamu waliowalaumu wanakili wa kitabu. Wapo waliomshuku mzee mwenyewe.

Mimi kwanza namwonea huruma. Safari zake alizisimulia Fez, akiandikiwa na Ibn Juzayy, zaidi ya miaka ishirini baada ya kuiacha pwani yetu. Mombasa nayo aliisifia misikiti yake ya miti. Mtu akikumbuka bandari mbili alizozipitia msimu mmoja, ni ajabu gani kuta za moja zikahamia nyingine?

Lakini nenda Husuni uingie ndani ya vyumba vyenyewe. Ni virefu na vyembamba kama ushoroba. Aliyejenga hakukosa kiwanja, kiwanja kipo tele; dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haimsikilizi mtu, hata awe sultani. Inapoishia ndipo ukuta usimamapo. Kwa hiyo jumba la mawe la Mswahili hupimwa kwa mti. Isitoshe, nje ya nyumba za wakubwa walikuwapo watu wengi zaidi waliolala katika nyumba za fito na udongo, ambazo hazikuacha gofu la kupigwa picha. Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, akatufukulia Husuni, na heshima yake ninampa. Ila jembe la mchimbaji hupenda mawe. Yule Mtanja, kwa kukosea kwake, ndiye aliyeuandika mji wa hao wengine.

Niliuwekea mkono ukuta mmoja palipobanduka lipu. Tumbawe lina vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Likitolewa baharini bichi huchongeka bila shida; likikauka huwa gumu. Mafundi walilichonga nakshi na maandishi likingali bichi, na lile lisilofaa kuchongwa wakalichoma likawa chokaa. Kisha kuna birika la pembe nane, ukingoni kabisa mwa jabali, ukikaa ukutani unaona bahari chini yako. Nilipofika mimi lilikuwa na majani makavu. Nilikaa nikijiuliza ni nani waliokuwa wakilijaza.

Jibu naliona katika kisa ambacho Ibn Battuta alikitoa kama sifa. Sultani huyu alipewa jina la Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Siku moja wakitoka sala ya Ijumaa, fakiri wa Yemen akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akabadili, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi. Baba aliposikia watu wanavyomsifu, akamwongezea fakiri watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Wasomaji wengi hubaki na ule ukarimu. Mimi hubaki na wale ishirini.

Sultani huyo alipofariki akatawala nduguye Daud, naye waombaji aliwaambia kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu. Wapo wamwitao bahili. Mimi naamini alikuwa mkweli: aliyehesabu gharama za msikiti na za Husuni angesema hivyo hivyo. Kasri halikumalizwa.

Fedha yenyewe ilikuwa dhahabu ya bara iliyopitia Sofala. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Zimbabwe Kuu. Dhahabu hiyo ndiyo iliyomleta Vasco da Gama mwaka 1502, akamtoza Amiri Ibrahim mithkali 1,500 kwa vitisho vya mizinga. Kutokana nayo ilitengenezwa huko Ureno Custódia de Belém, chombo cha ibada cha kanisani kilichokamilika mwaka 1506. Kiko Lisbon, ndani ya jumba la makumbusho, na maandishi kwenye kitako chake yanakiri bila haya kwamba ni dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Yaliyobaki ni ya haraka. Jemadari wa Wareno, Almeida, aliuteka mji Julai 1505 na kujenga ngome. Kufikia 1512 Wareno walikwisha kuondoka. Gereza linaloonekana leo, ambalo kila mgeni huambiwa ni la Mreno, kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani walioishika Kilwa baadaye. Karne ya 19 biashara, pamoja na ile ya watumwa, ikahamia Kilwa Kivinje, bara. Na huko Kivinje Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi wa upinzani dhidi yao, mwaka 1895. UNESCO iliyaorodhesha magofu mwaka 1981, ikayatia katika orodha ya yaliyo hatarini 2004, ikayatoa 2014.

Ukifika Masoko, kabla hujakanyaga mashua patana na nahodha kwamba safari ni mpaka Husuni, wala usikubali akuambie ni mbali. Na muulize maji yanajaa saa ngapi, usije ukavuka matope ya mikoko kwa miguu kama mimi.