Kaniki za binti Saad

Mwaka 2028 itatimia karne moja tangu mwimbaji wa taarab Siti binti Saad avuke bahari hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili kwa kampuni ya Gramophone. Unguja itasherehekea bila shaka. Tabora, ambako ndiko asili ya baba yake, huenda ikaendelea kuwaonyesha wageni tembe la Livingstone la Kwihara, basi. Itakuwa hasara, maana ugomvi mashuhuri zaidi wa maisha yake jukwaani ulihusu kaniki, nguo nyeusi ya bei nafuu ambayo njia ya misafara iliyopita Tabora iliijua vizuri.

Alizaliwa Fumba mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, akakua akitembeza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake. Alipohamia mjini mwaka 1911 na kupata sifa, mahasidi walimtungia wimbo wa kumkumbusha kwamba alitoka shamba na kaniki, na kwamba bila ile sauti asingekuwa na cha kula. Atasema mtu kuwa hayo ni mafumbo tu, waimbaji wamesutana tangu zamani. Kweli, lakini msutaji huchagua panapouma. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na mwanahistoria Laura Fair ameeleza jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoacha kaniki na merikani, nguo za watumwa, wakajitanda kanga, kisha buibui, ili nao wahesabiwe waungwana. Kuitaja kaniki hadharani ilikuwa kumvua mwanamke heshima aliyoinunua doti kwa doti.

Kaniki yenyewe haikuwa na kosa. Ikipandishwa kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, ilikuwa fedha: wapagazi wa Kinyamwezi walilipwa kwayo, watemi walitoza hongo kwayo, na katika misafara hiyo walikuwamo wanawake waliojitwika mizigo. Nguo ileile iliyokuwa mali bara, pwani ilimtia mvaaji wake aibu. Kwa hiyo jibu la Siti lina uzito wake. Hakujitetea kwa kanga mpya wala dhahabu. Aliimba kwamba sura nzuri si hoja, la maana ni akili. Shaaban Robert, katika wasifu aliomwandikia, naye anamtukuza kwa akili na tabia.

Lakini mavazi hayakuacha kusemwa jukwaani: baadaye vikaja vikundi vya taarab vya wanawake na sare zao, na siku hizi magauni ya kumetameta, ambayo watazamaji huyajadili kabla mwimbaji hajafungua kinywa.