Halmashauri ya Nani? Kuhusu Jina la LC1 kwa Kiswahili

Nimeletewa tafsiri nyingine. Safari hii ni kijitabu cha kuwaeleza wananchi wa mashariki mwa Uganda jinsi LC1 (Local Council 1, chombo cha utawala cha ngazi ya kijiji) inavyofikia maamuzi yake, na waliokifasiri, ambao kwa heshima sitawataja, wameandika "Halmashauri ya Kijiji" tangu jalada hadi ukurasa wa mwisho. Wangeisoma Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 kabla ya kufungua kamusi, wangeona kwamba chombo cha ngazi ya kijiji nchini Uganda si watu kumi wala ishirini. Ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Aliyehamia Nkoma, pale Mbale, akapanga chumba na akawa na umri huo, tayari ni mjumbe. Hakupigiwa kura wala hahitaji kupigiwa. Wanaopigiwa kura au kuidhinishwa ni wengine: mwenyekiti na wenzake, jumla watu kumi, ambao sheria hiyo inawaita kamati tendaji na inawataka wawajibike kwa wale waliobaki, yaani kwa wote.

Sasa tazama Tanzania, ambako neno hili limeota mizizi. Kwa sheria yake ya serikali za mitaa ya 1982, watu wazima wote wa kijiji ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, na halmashauri ya kijiji ni kundi la wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anayeambiwa kwamba "halmashauri imeamua kila nyumba ichangie ulinzi" ataelewa kwamba watu ishirini na ushei wamekaa, wamekubaliana, na sasa wanataarifu. Hiyo ni kinyume kabisa cha anachotakiwa kuelewa. Wafasiri wetu wamechukua jina la wachache wakawavika wengi, kisha wanatuambia ndiyo istilahi sanifu.

Tulichunguze neno lenyewe, maana inaelekea hakuna aliyelichunguza. Halmashauri imebeba shauri tumboni, na shauri ni ukoo mkubwa uliotoka Kiarabu: ushauri, mshauri, mashauriano, hata shura ya msikitini. Katika ukoo huo wote kuna anayeshauri na anayeshauriwa. Ni neno la wateule wanaoketi pembeni kutafakari jambo kwa niaba ya wengine. Sina ugomvi nalo likiwa mahali pake.

Baraza ni kitu kingine. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kujitokeza, kuonekana hadharani. Wazee wa pwani walilichukua wakaliita hivyo benchi la mawe lililojengewa ukutani nje ya nyumba, na mpaka leo Unguja, Lamu na Mombasa ya kale utaliona, limepakwa chokaa, watu wameketi na vikombe vya kahawa au wanacheza bao. Mwenye nyumba amelijenga kwa fedha zake, lakini mazungumzo yanayofanyika juu yake si mali yake. Apitaye husalimu, huketi, hutia neno. Kutoka kwenye benchi, jina likahamia kwa waketio, kisha kwa mkutano wao.

Na mwenyekiti wa LC1 huchaguliwaje? Hadharani! Tarehe 10 Julai 2018, baada ya miaka 17 bila uchaguzi wa ngazi hiyo, Waganda walipanga mistari nyuma ya wagombea wao na kuhesabiwa wakiwa wamesimama, jirani akimwona jirani. Wakenya, ambao waliuonja mtindo huo katika uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU wa 1988, wanauita mlolongo, na hawauiti hivyo kwa mapenzi. Uzuri au ubaya wake si hoja yangu. Ninachosema ni kwamba chombo kinachozaliwa kwa watu kujitokeza kina jina lake tayari, na jina hilo liko vinywani mwetu kwa karne nyingi.

Kwa hiyo napendekeza, kama nilivyopendekeza zamani, Baraza la Wakazi kwa kijiji kizima na kamati kwa wale kumi.

Wapinzani wangu wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba Kenya ina baraza la chifu, ambako watu hukusanywa jua kali kusikiliza amri, na kwamba kila nchi ina Baraza la Mawaziri, ambalo haliketi hadharani kamwe. Kweli, lakini ndiyo maana nimeongeza "la Wakazi". Ya pili, wengine husema tuige tu "Mkutano Mkuu". Mkutano huisha watu wakiondoka. Baraza la Nkoma lipo hata usiku watu wakiwa wamelala, na asubuhi laweza kumng'oa mwenyekiti kwa kura ya kutokuwa na imani.

Kuna historia hapa ambayo kamati za istilahi hazipendi kuisikia. Vyombo hivi vilianza kama RC (kwa Kiingereza, Resistance Council au Resistance Committee), vikitokana na vita vya msituni, na baada ya 1986 vikaenezwa nchi nzima. Herufi ya pili ilisimama kwa baraza na kwa kamati pia, bila kubagua. RC ikawa LC, utata ukarithiwa. Leo mkazi wa Mbale anayehitaji barua ya utambulisho, au shahidi wa kuuziana kiwanja, huambiwa "nenda kwa LC", na anayemkuta ni mtu mmoja mwenye daftari, kalamu na muhuri. Jina la watu wote limesinyaa likawa mtu mmoja mlangoni mwake. Kuliita baraza hilo halmashauri ni kusaidia kusinyaa huko kwa Kiswahili fasaha, na hasa sasa ambapo baraza la mawaziri la Uganda liliamua, mwaka 2022, kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto watajifunza kosa hilo darasani.

Niliandika haya yote kwa wahusika. Nikajibiwa, kwa karatasi yenye nembo, kwamba istilahi hupitishwa na kikao cha wataalamu.

Kuhusu matumizi: andika "baraza limeamua" pale tu wakazi walipoitwa na kuamua, vinginevyo "kamati imeamua". LC3 na LC5, ngazi za juu ambazo ni serikali kamili zenye madiwani, ziitwe halmashauri. LC2, ambayo mwaka 2018 viongozi wake walichaguliwa na wajumbe wa kamati za vijiji, nitaijadili siku nyingine.