Usukani Ulipokosa Presha

Wasee, roketi ikipaa tunasifu injini kubwa tu. Cheki Zenit: kwenye hatua ya pili, injini kubwa, RD-120, haigeuki. Anayeshika usukani ni RD-8, kainjini kalikobuniwa Ukraine, kanakochoma mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika kupitia midomo minne inayogeuka.

Machi 12, 2000, Zenit ya Sea Launch iliondoka Bahari ya Pasifiki. Programu ya kompyuta haikuwa imefunga vali moja kabla ya kuruka. Mfumo wa gesi unaosaidia kugeuza RD-8 ukapoteza zaidi ya asilimia 60 ya presha. Roketi ikapinda, ikajizima yenyewe. Setilaiti ya ICO ikapotea.

Manze, vali moja tu! Ukiambiwa uongeze nguvu, uliza kwanza usukani ameshika nani.